Kuondoa Dhima katika Hifadhidata: Hatua na Tahadhari Zake

Katika uhakiki wa fasihi, dhima ni jukumu analotwikwa mhusika katika kazi. Katika mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL, dhima ni jina lililosajiliwa na kupewa haki, kama vile kuingia, kusoma majedwali au kuyamiliki. Tangu toleo la 8.1 la mwaka 2005, mfumo huo huwahesabu mtumiaji na kikundi kuwa kitu kimoja: wote ni dhima.

Mathalani, idara inayokusanya methali kwa ajili ya kamusi inaweza kumpa mtafiti dhima iitwayo mkusanyaji. Mtafiti huyo akihitimu, dhima hiyo haina budi kuondolewa, kwani neno la siri linaloendelea kufanya kazi ni sawa na ufunguo wa ghala ulioachwa mikononi mwa aliyehama. Amri yenyewe ya SQL ni fupi:

DROP ROLE mkusanyaji;

Hata hivyo, mfumo huikataa amri hiyo iwapo dhima ingali inamiliki jedwali lolote au ina haki juu yake. Kukataa huku si kasoro bali ni kinga, ili mali isibaki bila mwenyewe. Hivyo basi, hatua tatu hufuatwa. Kwanza, mali hukabidhiwa mrithi:

REASSIGN OWNED BY mkusanyaji TO mhariri;

Pili, haki zilizosalia hufutwa:

DROP OWNED BY mkusanyaji;

Tatu, dhima yenyewe huondolewa kwa amri iliyotajwa awali.

Mpangilio huu una uzito. Amri ya pili ikitangulia ya kwanza, haifuti haki pekee. Hufuta pia majedwali yanayomilikiwa na dhima hiyo. Pasipo nakala ya akiba, methali zilizokusanywa kwa miaka mingi hupotea kwa mstari mmoja. Aidha, amri hizi mbili hushughulikia hifadhidata moja kwa wakati, ilhali dhima hutambuliwa na hifadhidata zote za seva. Kwa hiyo, sharti zirudiwe katika kila hifadhidata ambamo dhima hiyo ina mali au haki.

Pale ambapo mrithi hajateuliwa, yafaa mlango ufungwe kwanza:

ALTER ROLE mkusanyaji NOLOGIN;

Dhima husalia na mali yake, ila haiwezi kuingia upya. Mwenda pole hajikwai.