Umiliki wa Kibanja na Uwezeshaji wa Wanawake Wajasiriamali wa Kilimo katika Wilaya za Bukoba na Muleba

Uwezeshaji wa wanawake wa vijijini kiuchumi kwa njia ya ujasiriamali wa kilimo hupimwa mara nyingi kwa kiasi cha mikopo na idadi ya vikundi vilivyosajiliwa. Katika Bukoba na Muleba kipimo hicho hakijitoshelezi, kwa kuwa mtaji hufanya kazi juu ya ardhi, na mamlaka juu ya ardhi ndiyo huamua zao litakalopandwa.

Kilimo cha Wahaya kina maeneo mawili. Kibanja, shamba linaloizunguka nyumba, hubeba mazao ya kudumu, hasa migomba na kahawa. Rweya, eneo la nyasi nje ya vibanja, ndiko kimapokeo wanawake walikolima mazao ya msimu kama njugumawe. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo katika uhai wake, lakini si kuiuza.

Kanuni hiyo ilipingwa kutoka Muleba kwenyewe. Mwaka 1988 Holaria Pastory aliuza ardhi aliyoachiwa na baba yake kwa wosia. Bernardo Ephrahim, wa ukoo wake, alishtaki katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha na kushinda. Mahakama ya Wilaya ikatengua hukumu hiyo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kuwa katazo hilo ni ubaguzi unaokiuka Katiba. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilibatilisha mila zinazowanyima wanawake haki ya kumiliki ardhi.

Athari za suala hili ni za kiuchumi pia. Mbuni huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri. Mwanamke asiye na hakika ya kubaki na kibanja baada ya talaka au kifo cha mume hana sababu ya kuupanda. Mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ambayo sheria huwatengea vikundi vya wanawake asilimia 4 ya mapato ya ndani, hupunguza kikwazo cha dhamana, lakini haiondoi shaka hiyo.

Hivyo basi, tathmini ya uwezeshaji haina budi kuhesabu, pamoja na mikopo, hatimiliki za kimila zenye jina la mwanamke.