Kidonge Kinachofunga Milango

Wengi wanaofika kwenye dirisha langu la dawa hapa Sumbawanga wanaamini kuwa kidonge cha kisukari kinakula sukari. Mzee mmoja wa Kizwite aliniambia bila kusita kwamba akiongeza kijiko cha sukari kwenye chai, basi anaongeza na kidonge, na hesabu inakaa sawa. Nilimwomba akae kwenye benchi, nikamaliza foleni, kisha tukazungumza. Haya ninayoandika ni yale niliyomweleza siku ile, pamoja na mengine ambayo muda haukuruhusu.

Glibenklamaidi, kile kidonge kidogo cha miligramu 5 ambacho watu wetu hukiita Daonil hata kikiwa kimetoka kiwanda kingine kabisa, hakigusi sukari. Ndani yake hamna insulini hata chembe. Kazi yake ni moja tu, kufunga milango fulani midogo sana kwenye ngozi ya seli. Tatizo ni kwamba milango ya aina hiyo haiko kwenye kongosho peke yake. Iko kwenye moyo, kwenye mishipa ya damu, kwenye misuli na kwenye ubongo.

Tuanze na kongosho. Humo mna seli zinazotengeneza insulini na kuiweka akiba ndani ya vifuko vidogo. Ngozi ya kila seli ina matundu ya protini ambayo chumvichumvi za mwili hupitia zikiwa zimebeba chaji ya umeme: potasiamu, sodiamu, kalsiamu. Chembe hizo zenye chaji huitwa ayoni, na kila tundu lina ayoni yake. Mtu akiwa na njaa, milango ya potasiamu ya seli ya insulini huwa wazi. Potasiamu inavuja kwenda nje, ndani kunabaki na chaji hasi, seli imetulia na insulini haitoki.

Sasa mtu huyo amekula ugali wake wa ulezi kwa maharage. Sukari inapanda kwenye damu, inaingia ndani ya seli na kuchomwa ili kutoa nguvu. Nguvu hiyo hutunzwa katika kemikali ambayo wataalamu huiita ATP. ATP ikiongezeka, inaushika mlango wa potasiamu na kuufunga. Potasiamu inakwama ndani, chaji ya seli inabadilika, na badiliko hilo linafungua milango mingine, ya kalsiamu. Kalsiamu inaingia kwa kasi na kuvisukuma vile vifuko vimwage insulini kwenye damu. Kwa hiyo seli inapima chakula kwa kukichoma, na mlango ndio unaopeleka taarifa.

Glibenklamaidi inaufunga mlango huohuo bila kungoja chakula. Mlango umeundwa kwa vipande 8: vinne vinafanya tundu lenyewe, na vinne vinakaa pembeni kama vipokezi. Kidonge hushika vile vya pembeni, tundu likajifunga, kalsiamu ikaingia, insulini ikamwagika. Hakiulizi kama umekula. Hapo ndipo penye nguvu ya dawa hii, na hapohapo ndipo penye hatari yake yote.

Jambo hili liligunduliwa bila mtu kulitafuta. Mwaka 1942, Ufaransa ikiwa vitani, daktari Marcel Janbon wa mji wa Montpellier alikuwa akijaribu dawa mpya ya jamii ya salfa kwa wagonjwa wa homa ya matumbo, hii taifodi tunayoijua sana. Wagonjwa wakaanza kupata degedege na kuzimia, na baadhi wakafa. Sukari yao ilikuwa imeshuka mno. Mwenzake, Auguste Loubatières, akaipeleka dawa kwenye maabara na kuijaribu kwa mbwa. Mbwa mwenye kongosho alishuka sukari. Mbwa aliyeondolewa kongosho hakupata badiliko lolote. Akajua kwamba dawa inaliamsha kongosho. Vidonge vya kwanza vya ukoo huo vikaingia sokoni miaka ya 1950, na glibenklamaidi ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1960. Watu walimeza dawa hizi kwa miongo kadhaa pasipo yeyote kujua zinashika wapi. Mlango wenyewe ulionekana mara ya kwanza mwaka 1983, tena si kwenye kongosho: Mjapani Akinori Noma aliukuta kwenye misuli ya moyo wa wanyama. Mwaka uliofuata watafiti wa Uingereza na Marekani wakaukuta kwenye seli za insulini, na mwaka 1995 vipande vyake vikatambuliwa kimoja kimoja.

Nirudi huku kwetu Ufipa, maana hapa ndipo ninapoona haya yakitokea.

Mjomba wangu anaishi kijiji kimoja upande wa Kaengesa. Ana zaidi ya miaka 65 na bado analima kama zamani, akifukia majani kwenye matuta ya mviringo mvua zikielekea ukingoni, ili msimu ujao apande humo. Kazi hiyo huanza alfajiri. Alikuwa anameza kidonge, anafunga mlango wa nyumba na kwenda shamba, chakula kikimngoja mpaka saa sita mchana. Siku moja wenzake walimkuta ameketi juu ya tuta, shati limelowa jasho kwenye baridi ya asubuhi, anajibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Mmoja akasema mzee ameamkia pombe ya kimpumu. Bahati njema palikuwa na mwanamke aliyewahi kumwona dada yake katika hali ile. Alimkorogea sukari kwenye maji, akamnywesha, na baada ya robo saa mzee akawatambua.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kumwona. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mama. Umekuja kunigombeza?" Sikwenda kugomba. Nilichukua kijiti nikamchorea chini duara la seli na mlango wake, na tangu siku hiyo hajameza kidonge kabla ya chungu kutoka jikoni.

Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita kwenye kipimo chetu, mwili unapiga kengele: mikono inatetemeka, jasho jembamba linatoka, moyo unakwenda mbio, njaa inauma. Ikizidi kushuka, ubongo ndio unaokosa chakula, na mtu anaropoka, anapepesuka, anakuwa mkali, hatimaye anazimia. Ni dalili za mlevi kabisa, na kweli pombe huzidisha hali hiyo, kwa sababu inalizuia ini kutoa akiba yake ya sukari. Mtu aliyemeza glibenklamaidi na kushinda kilabuni bila kula yuko kwenye hatari mbili kwa pamoja, na watu watampita wakidhani amelala usingizi wa pombe. Ukimkuta mgonjwa wa kisukari katika hali hiyo na anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda, kisha chakula. Asiyeweza kumeza asilazimishwe. Akimbizwe hospitali akapate sukari ya mshipa. Na akizinduka asirudishwe nyumbani papo hapo. Glibenklamaidi hudumu mwilini mpaka saa 24, na mabaki yake, ambayo nayo bado yana nguvu, hutegemea figo kuyatoa. Mzee mwenye figo zilizochoka anaweza kuamka saa nne na kuzimia tena saa nane.

Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilishauri watu wa miaka 60 na kuendelea wasipewe glibenklamaidi, na kwamba katika ukoo huu gliklazaidi ni salama zaidi. Mjomba alibadilishiwa na daktari wake. Namsisitizia msomaji neno hilo la daktari: usiache kidonge chako leo kwa sababu umesoma hapa. Nenda nacho kliniki ukaulize.

Niseme pia habari ya mfungo. Wilaya zetu zina Wakatoliki wengi, na Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu watu hufunga kwa moyo wote, wazee ndio wa kwanza. Waislamu wa mjini na wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wana Ramadhani. Dini zote mbili zinamruhusu mgonjwa asifunge. Anayetaka kufunga apange na tabibu wake kabla, kwa sababu mlango uliofungwa na kidonge haujui kama leo ni siku takatifu.

Kuna dawa nyingine zinazogusa mlango huu au kuongeza nguvu ya kidonge, na hizi ziko kwenye kabati nyingi za nyumbani. Kwinini, dawa kongwe ya malaria, nayo huufunga mlango wa potasiamu wa seli ya insulini. Ndiyo sababu mgonjwa wa malaria kali anayepewa kwinini hupimwa sukari mara kwa mara, hata kama hana kisukari. Septrin ni ya jamii ya salfa, ukoo uleule wa dawa ya Montpellier, na ikichanganywa na glibenklamaidi inaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Anayeteremka bonde la Ziwa Rukwa, Mtowisa au Muze, kwenye joto na mbu, kisha akaugua homa, amwambie mhudumu mapema kuwa anameza dawa ya kisukari. Metfomini haimo katika habari hii. Yenyewe hufanya kazi zaidi kwenye ini, haigusi milango hii, na ikimezwa peke yake ni nadra kuishusha sukari mpaka mtu azimie.

Sasa moyo, ambao wengi huniulizia kwa wasiwasi. Milango ya moyo ina tundu lilelile la kongosho, lakini vile vipokezi vya pembeni ni vya aina nyingine. Moyo wenye afya una ATP tele, kwa hiyo milango yake hukaa imefungwa siku zote. Hufunguka damu inapokatika, mshipa unapoziba. Hapo potasiamu inatoka, kila pigo la umeme linakuwa fupi, kalsiamu inaingia kidogo, na misuli inapunguza kazi ili isife kwa kukosa hewa. Huo ni ulinzi. Glibenklamaidi inashika vipokezi vya kongosho na vya moyo pia, na kwenye maabara imeonekana kuuzuia ulinzi huo. Gliklazaidi hushika vya kongosho na kuviacha vya moyo karibu vyote.

Je, basi vidonge hivi vinaua kwa moyo? Mwaka 1970 utafiti mkubwa wa Marekani ulitoa taarifa kwamba waliomeza tolbutamaidi, ndugu mkubwa wa glibenklamaidi, walikufa zaidi kwa magonjwa ya moyo, na ubishi wake uliendelea kwa miaka mingi. Lakini tolbutamaidi yenyewe haishiki vizuri milango ya moyo, kwa hiyo hadithi ya mlango peke yake haitoshi kueleza vifo vile. Mwaka 2019 utafiti mwingine, uliofuata maelfu ya wagonjwa kwa miaka kadhaa, uliilinganisha glimepiraidi ya ukoo huuhuu na dawa mpya zaidi, na haukuona tofauti kwenye moyo. Tofauti ilikuwa kwenye sukari kushuka. Mimi hofu yangu kubwa naiweka hapo, kwenye sukari kushuka, na moyo naufikiria zaidi kwa mtu ambaye tayari mishipa yake imeziba.

Kwenye kuta za mishipa ya damu kuna milango ya aina ya tatu, ambayo ikifunguka mishipa hulegea na kupanuka. Minoksidili, dawa ya presha sugu ambayo siku hizi watu wanaijua zaidi kwa kuotesha nywele, huifungua. Na ubongoni kuna seli zinazotumia mlango uleule wa kongosho kupima sukari na kutoa tahadhari ikipungua, ingawa kidonge hupenya huko kwa shida.

Habari hii inawahusu watu wengi kuliko zamani. Prof. Donald McLarty na wenzake walipopima vijiji vya Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 1989, waliokuwa na kisukari hawakufika asilimia 1. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Kwenye foleni yangu siku hizi nawaona wakulima wa Laela na wavuvi wa Kirando pamoja na watumishi wa ofisini.

Wapo wagonjwa ambao kidonge hiki kimewabadilishia maisha. Mara chache sana mtoto huzaliwa na kasoro kwenye jeni ya mlango, ukabaki wazi hata sukari ikijaa. Insulini ipo ndani ya seli lakini haitoki, na mtoto anaugua kisukari, mara nyingi kabla ya kutimiza miezi 6. Zamani watoto hao walihesabiwa kuwa wa sindano maisha yao yote. Mwaka 2004 watafiti wa Exeter, Uingereza, wakiwa na Prof. Andrew Hattersley, walionyesha kasoro hiyo, na miaka miwili baadaye ikathibitika kwamba wengi wao wanaweza kuacha sindano na kumeza vidonge vya ukoo huu, kwa dozi kubwa kuliko ya mtu mzima ukilinganisha na uzito wao. Mzazi yeyote wa Nkasi, Kalambo au Sumbawanga ambaye mtoto wake amekutwa na kisukari kabla ya miezi 9 amwombe daktari atume sampuli ya damu. Maabara ya Exeter huipima jeni hiyo bila malipo, hata ikitoka nchi nyingine.