Marka Milioni Nne: Jinsi Mrima Ulivyokatwa na Kuuzwa

Pwani yetu ya Mrima, kuanzia Umba hadi Ruvuma, imewahi kuuzwa, na bei yake inajulikana: marka milioni nne za Kijerumani. Ilikuwa mwaka 1890. Tanga, Pangani, Saadani, Bagamoyo, Dar es Salaam, Kilwa, Lindi na kisiwa cha Mafia, vyote vilikuwamo. Muuzaji alikuwa Sultani Ali bin Said wa Unguja, mnunuzi alikuwa Ujerumani, na dalali aliyewakalisha pamoja alikuwa Uingereza, ambayo kwa miaka mingi ilijiita rafiki wa Masultani.

Shuleni tulifundishwa ukoloni kwa jina la Mangungo wa Msovero, aliyetia alama kwenye karatasi ya Mjerumani Carl Peters mwishoni mwa 1884. Hadi leo mkataba mbovu bungeni huitwa wa Mangungo. Naona tunamwonea mzee yule. Karatasi ya Msovero isingekuwa na uzito wowote kama pwani, ambako ndiko kulikokuwa na bandari na forodha, ingebaki na mwenyewe. Nchi hii ilichukuliwa kupitia mlango wake, na mlango ulikuwa huku kwetu.

Lakini dola ya Unguja ilianza kuumwa kabla Peters hajateremka Saadani. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, wanawe waligombania urithi, na mwaka 1861 Gavana Mkuu wa India, Lord Canning, akawaamulia: Oman kwake Thuwaini, Unguja kwake Majid, na Unguja ilipe Muscat reale 40,000 kila mwaka. Dola moja ikawa mbili, na mwamuzi alikuwa Mwingereza. Miaka miwili kabla ya hapo Barghash alikuwa amemwasi ndugu yake Majid akiungwa mkono na ukoo wa Harthi. Aliyemshinda ni manowari ya Kiingereza, naye akapelekwa Bombay. Alipokalia kiti mwaka 1870 alijua vizuri nani anaweza kumwondoa. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na mwaka 1873 Konsuli John Kirk akamlazimisha kufunga soko la watumwa. Kulifunga ilikuwa haki, tena ilichelewa. Lakini hazina iliyotegemea soko hilo na karafuu ilibaki mikononi mwa forodha peke yake.

Nayo Unguja ilikuwa imemega ya wengine. Kimweri ye Nyumbai, Simba Mwene wa Vuga na mtawala wa Usambara, alikuwa na sauti hadi pwani: wakuu wa miji midogo kati ya Vanga na Pangani walitambuliwa na Vuga na Unguja kwa pamoja. Katika miaka ya 1850 Seyyid Said akaweka askari wake Wabaluchi Tongwe, ndani ya Ubondei. Kimweri alipofariki, karibu mwaka 1862, Wakilindi, ukoo wake uliotawala, waligeukiana. Semboja, bwana wa Mazinde aliyekuwa kwenye njia ya misafara, alimtoa mjukuu wa Kimweri Vuga na kumweka mwanawe, na Wabondei wakawaasi Wakilindi wote. Kwa miaka ishirini bunduki zilipanda kutoka Pangani na mateka wakateremka. Mambo hayo yaliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyeishi na watawala wa Usambara na kuwaona kwa macho yake, katika Habari za Wakilindi. Ukikisoma kitabu hicho utaona kwamba Wajerumani walipofika milimani hawakukuta ufalme. Walikuta wakuu waliochoka, kila mmoja akitafuta wa kumsaidia dhidi ya ndugu yake.

Baada ya karatasi ya Msovero mambo yalikwenda mbio. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaizari aliipa kampuni ya Peters hati ya ulinzi juu ya Useguha, Nguru, Usagara na Ukami. Barghash alipinga, akampeleka jenerali wake Mwingereza, Lloyd Mathews, hadi Kilimanjaro kukusanya viapo vya utii. Agosti likaja jibu: manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, mizinga ikielekea madirishani. Katika msafara huo aliletwa pia dada yake, Salme, aliyekuwa ameolewa na Mjerumani, awe sababu ya kumshika Sultani shati. Kirk aliagizwa na London amshauri Barghash akubali. Akakubali.

Ndipo ikaundwa tume ya kupima dola ya Sultani ina ukubwa gani. Wajumbe walikuwa watatu: Kitchener wa Uingereza, Schmidt wa Ujerumani na Raffray wa Ufaransa. Walipita mwambao bandari kwa bandari wakiuliza maliwali na wazee bendera ya Sultani inafika wapi na ushuru analipwa nani. Swali hilo lilikuwa na mtego ndani yake, kwa kuwa utawala wa Unguja haukuwa wa mistari. Ulikuwa wa misafara, madeni, barua na ndoa, wenye nguvu mjini Pangani na Tabora, ukapwaya msituni katikati. Mjerumani alishikilia kwamba lisiandikwe lolote ila lile ambalo wote watatu wamelikubali. Kwa hiyo ukaandikwa ule upana mdogo: maili kumi za baharini kutoka majini, kama kilomita 18 na nusu. Kwa kipimo hicho Tanga mjini ilikuwa ya Sultani, na mahali ilipo Muheza leo palikuwa pa Wajerumani.

London na Berlin zilibadilishana barua tarehe 29 Oktoba na 1 Novemba 1886. Bara liligawanywa kwa mstari kutoka mdomo wa Umba hadi Ziwa Jipe, ukapinda kaskazini ya Kilimanjaro, ukaishia Ziwa Viktoria: kusini kwa Mjerumani, kaskazini kwa Mwingereza. Sultani aliachiwa visiwa, ukanda wa maili kumi na bandari chache za Benadir. Alipelekewa karatasi Desemba akaitia saini. Miezi michache baadaye Ureno ikaingia mezani na kuichukua Ghuba ya Tungi, huko kusini. Poland iligawanywa hivi hivi na jirani zake mwaka 1772, 1793 na 1795, na mmoja wao alikuwa Prussia, dola ile ile iliyoijenga Ujerumani ya akina Peters. Walikuwa na mazoea.

Barghash alifariki Machi 1888. Mwezi uliofuata nduguye Khalifa aliikodisha kampuni ya Kijerumani ukanda wa kusini ya Umba kwa miaka 50, ushuru ukusanywe kwa jina la Sultani. Wenye miji hawakuulizwa.

Pangani haikukubali. Mwakilishi wa kampuni, Emil von Zelewski, alimtaka Liwali Abdulgawi apandishe bendera ya kampuni pamoja na ya Sultani. Liwali alikataa. Zikiwa siku za Idi ya kuchinja, Agosti 1888, wanajeshi wa manowari Carola walishuka kumtafuta. Mlingoti wa bendera ya Sultani ulikatwa, na habari ikaenea mwambao mzima kwamba Wadachi, yaani Wajerumani, wameingia msikitini na viatu na mbwa wao. Mwezi uliofuata watu wa Pangani waliwafungia watu wa kampuni ndani ya nyumba yao. Mathews alikuja na askari wa Sultani kuwatoa. Aliwatoa, lakini mwenyewe akalazimika kurudi Unguja, maana mji haukumsikiliza tena Sultani wala jenerali wake. Mwanzoni mwa Septemba hiyo hiyo Tanga ilipigwa mizinga kutoka baharini. Zelewski huyo ndiye aliyekufa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 kwa mikuki ya Wahehe wa Mkwawa.

Aliyeongoza vita Pangani, Abushiri bin Salim, alikuwa Mharthi, wa ukoo ule uliowahi kuwapinga Mabusaidi, ukoo wa Masultani, na hakuwa mtu wa Sultani hata siku moja. Wapiganaji wake walisema Sultani amewauza. Rafiki yule, Uingereza, naye alifanya nini? Desemba 1888 manowari za Kiingereza zilijipanga pamoja na za Kijerumani kuufunga mwambao, kwa maelezo kwamba zinazuia watumwa na silaha. Kamanda wa Kijerumani, Wissmann, akaja na askari Wasudani na Washangani, akaitwaa Pangani na Tanga Julai 1889. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilimaliza hesabu. Ujerumani ilipewa Helgoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika kilomita za mraba mbili, ikaiachia Uingereza eneo la Witu na kuitambua Unguja kuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Uingereza nayo ikaahidi kumshawishi Sultani auze ukanda. Ufaransa ilikuwa imeahidi mwaka 1862, pamoja na Uingereza, kuheshimu uhuru wa Unguja. Agosti 1890 ilinyamazishwa kwa kuachiwa Madagaska.

Zile marka milioni nne zilikuwa sawa na pauni 200,000. Mwaka 1895 serikali ya Kiingereza ilizichukua fedha hizo za Sultani kuilipa kampuni ya Kiingereza ya Mackinnon iondoke katika ukanda wa Mombasa. Sultani akawa analipwa pauni 17,000 kwa mwaka: 11,000 kodi ya pwani yake, na 6,000 riba ya fedha zake mwenyewe. Kwa maneno mengine, bei ya Tanga ndiyo iliyowapatia Waingereza Mombasa. Katika habari hii yote hakuna linaloniuma kama hilo.

Mstari wa 1886 ulirekebishwa kidogo mwaka 1893, ukaanzia Ras Jimbo, na Vanga ikabaki upande wa pili. Mdigo wa Moa na Mdigo wa Lunga Lunga, wenye lugha moja na makaburi ya mababu pande zote mbili, ndio wanaosimama foleni Horohoro kugongewa mihuri. Mwaka 1964 viongozi wa Afrika waliokutana Cairo waliamua mipaka ibaki kama ilivyorithiwa, na huo wa Horohoro ni mmojawapo.

Vita vya 1888 vina shahidi wake wa hapa hapa. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga alivitungia Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima vikiwa bado vibichi. Walimu wa historia wa Tanga, Pangani, Muheza na Mkinga, anzeni somo la ukoloni na utenzi huo, kwa wino wa mtu wa kwenu, halafu ndipo muwapeleke watoto Msovero.