Konsuli Aliyeiacha Pensheni Yake

Msomaji, kama una mzee nyumbani aliyestaafu kazi ya serikali, bila shaka wajua kwamba pensheni hupigiwa hesabu kwa miaka. Enzi za ukoloni, makonsuli wa Uingereza waliotumwa ng'ambo nao walikuwa na hesabu yao. Sheria ya mwaka 1859 ilimpa mtumishi sehemu moja ya sitini ya mshahara wake kwa kila mwaka wa kazi, mradi ametimiza miaka 10. Mwaka 1876 wakaongezewa: aliyetumikia nchi yenye hali ya hewa mbaya, miaka yake miwili ilihesabiwa mitatu. (Wenyeji waliougua homa hiyo hiyo maisha yao yote hawakuhesabiwa kitu.)

Sasa mtazame Roger Casement, mzaliwa wa Ireland. Mwaka 1895 alifanywa konsuli huko Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo, na baadaye akapelekwa Kongo. Ripoti yake ya 1904 ilifichua jinsi watu wa huko walivyouawa na kukatwa mikono kwa ajili ya mpira wa Mfalme Leopold. Kisha akafichua mateso ya namna hiyo huko Putumayo, Amerika Kusini, na mwaka 1911 akapewa cheo cha "Sir". Mwaka 1913, afya ikiwa imezorota, alistaafu kwa pensheni kabla ya kutimiza miaka 50.

Ungekuwa wewe, si ungetulia ule jasho lako? Casement alitaka Ireland ijitawale. Vita vilipozuka 1914 alikwenda Ujerumani, adui wa Uingereza, kutafuta msaada. Februari 1915 alimwandikia waziri Sir Edward Grey akirudisha nishani zake, na kusema pensheni aliyopewa kisheria ameiacha kwa hiari.

Alikamatwa Ireland Aprili 1916 akashtakiwa London kwa uhaini. Mkuu wa Sheria hakukosa kuitaja pensheni ile mahakamani. Je, pensheni ni fadhila ya kumfunga mtu mdomo mpaka kaburini, au ni mshahara uliocheleweshwa? Mimi nashika hilo la pili, maana kazi ya Kongo alikuwa amekwisha kuifanya.

Alinyongwa gerezani Pentonville tarehe 3 Agosti 1916. Mabaki yake yalirudishwa Dublin mwaka 1965.