Mmea na Nuru (3): Viputo Vinapogoma Kuongezeka

Msomaji mmoja wa Same ameniandikia baada ya kusoma sehemu ya pili. Kama nuru ndiyo inayoendesha usanisinuru, anauliza, akiufungia mchicha wake taa ya kuwaka hadi usiku wa manane, si atavuna maradufu? Tuta lenyewe, anasema, liko nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Katika miaka yangu ya kushika chaki nimeulizwa mengi, lakini machache yalikuwa na nyama kama hili. Nitalijibu kwa chupa ya maji.

Haidrila huota kwenye mabwawa na kandokando ya Ziwa Victoria: shina jembamba lililozungukwa na vijani, mfano wa brashi ya kusafishia chupa. Kata kipande cha urefu wa kidole kwa wembe mkali, ukitumbukize kwenye chupa ya kioo yenye maji, sehemu iliyokatwa ikitazama juu. Tia nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea ili maji yapate akiba ya hewa ya ukaa. Usitie magadi ya kupikia makande. Maji yatakuwa makali mno na mmea utanyong'onyea. Washa taa ya mezani umbali wa sentimita 40, subiri dakika tano, kisha inama uitazame ile ncha. Kiputo kidogo kama kichwa cha pini kinavimba, kinasita, kinachomoka na kupanda. Kinafuata kingine. Ndani yake, kwa sehemu kubwa, ni oksijeni.

Daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz, alivifuatilia viputo hivi akiwa Uingereza na kutoa kitabu chake mwaka 1779. Aliona vikitoka kwenye majani yaliyozamishwa majini juani, na vikikoma gizani. Alisisitiza pia kwamba kinachofanya kazi ni nuru ya jua, wala si joto lake.

Mimi hilo nililisahau mbele ya darasa zima. Nilikuwa na balbu ya zamani ya wati 100, nikaisogeza karibu kabisa na chupa. Viputo vikafoka, wanafunzi wakashangilia, nami nikaanza kuandika tarakimu ubaoni kwa mbwembwe. Msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona na kijiko kinatoa viputo?" Kweli, kijiko nilichokorogea soda kilikuwa bado mle ndani, kimevaa viputo kuanzia mpini hadi ncha. Maji yakipata moto hushindwa kushika hewa yote iliyoyeyuka ndani yake, basi huitema. Tulikuwa tunahesabu hewa ya maji tukidhani ni kazi ya mmea. Tangu siku ile huweka chombo bapa cha kioo chenye maji kati ya taa na chupa ili kimeze joto, na kipimajoto hakitoki ndani ya chupa. Balbu hizi za LED za siku hizi zimetupunguzia balaa hilo, ingawa haziliondoi kabisa.

Haya, sogeza taa. Nuru hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo ukiitoa taa sentimita 40 na kuileta 20, mmea unapata nuru mara nne, si mara mbili. Hesabu viputo kwa dakika moja, rudia mara tatu, maana havilingani ukubwa. Vitaongezeka sana. Ilete sasa sentimita 10: nuru imeongezeka mara nne nyingine, lakini viputo vinaongezeka kidogo tu, au vinabaki palepale. Ukichora grafu, mstari unapanda kwa kasi, unapinda, kisha unalala. Hapo unapopinda ndipo penye somo.

Mwingereza F. F. Blackman alilieleza jambo hilo mwaka 1905: kazi inayotegemea mambo kadhaa huenda kwa mwendo wa lile lililopungua kuliko yote. Mfikirie mama lishe wa chapati. Wasaidizi wanaosukuma wakiwa wawili, kikaango kinasubiri. Akiongeza wa tatu, chapati zinaongezeka. Akileta wa kumi, chapati mbichi zinarundikana mezani, kwa sababu kikaango ni kimoja. Nuru ndiyo wasukumaji. Kikaango ni kimeng'enya kiitwacho rubisko, kinachonasa hewa ya ukaa, na ni kizito ajabu: katika mimea mingi molekuli yake moja hunasa mara chache tu kwa sekunde. Ongeza soda kwenye chupa na, kama kikwazo kilikuwa hewa ya ukaa, ule mstari uliolala utainuka kidogo kabla ya kulala tena.

Wachagga wanalo jambo hili vihambani, mbuni chini ya mgomba. Asili ya kahawa ya arabika ni misitu ya Ethiopia, chini ya miti mirefu, na jani lake hushiba kwa nuru isiyofika nusu ya jua la adhuhuri. Jani moja, lakini, si mti mzima: majani ya ndani hufunikwa na ya nje, ndiyo maana kahawa ya juani, ikipewa mbolea na maji ya kutosha, huweza kuzaa zaidi. Mahindi, mtama na muwa ni ukoo mwingine. Mimea hiyo huikusanya kwanza hewa ya ukaa na kuisukumia rubisko kwa wingi, hivyo jani lake haliwahi kushiba hata jua likiwa la utosi.

Na mchicha? Uko katika ukoo huohuo wa mahindi. Msomaji wangu, basi, amebahatika kuchagua mboga yenye njaa ya nuru. Lakini taa ya chumbani hutoa mamia machache ya luksi mahali inapomulika, ilhali jua la adhuhuri hufika luksi 100,000. Bili ya umeme ataiona. Mchicha hautaiona taa. Aachane na taa, atafute panga, apande juu ya ule mwembe.