Rangi ya Maji na ya Mafuta Katika Picha Moja

Mama anayechora picha za kuuza huweza kutumia rangi za aina mbili kwenye turubai moja. Inawezekana, ila kuna utaratibu. Akriliki, ambayo ni rangi ya maji, hutangulia chini; rangi ya mafuta hufuata juu. Akriliki hukauka upesi maji yake yakipotea hewani. Mafuta hukauka polepole kwa kuvuta oksijeni, pengine kwa wiki kadhaa. Akriliki ikipakwa juu ya mafuta haishiki, na baadaye hubanduka. Picha ikibandukia ukutani kwa mteja, huyo harudi tena. Katika matabaka ya mafuta yenyewe, la chini liwe na mafuta machache kuliko la juu. La sivyo picha hupasuka.

Sisi wauguzi tunawaomba akina mama wakumbuke pia afya ya nyumba. Mvuke wa tapentaini huumiza kichwa: fungua madirisha, wala usichoree chumba anacholala mtoto. Usiiweke kwenye chupa ya soda. Mtoto akiinywa usimtapishe, maana inaporudi huweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali, na chupa uichukue. Rangi nyingine zina madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto. Nawa mikono kabla ya kunyonyesha. Matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike, kwani huweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje yakauke.

Tufanye kazi ya mikono kwa bidii, lakini watoto wetu kwanza.