Jiwe la Mizani Angani: Taa za Kuhakiki Darubini

Makala haya yanaeleza kazi inayofanywa na wanafalaki wa Kanada na Marekani, nasi tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yenyewe ina uzito: kwa sehemu, hesabu za jinsi ulimwengu unavyotanuka zinaitegemea. Pili, wanafunzi wetu husikika mara kwa mara wakidai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi ya aina hii. Dai hilo halijibiwi kwa hotuba. Linajibiwa kwa kueleza.

Tatizo ni nini?

Tuanze sokoni. Mwuza maharage ana mizani, lakini mnunuzi atajuaje kwamba kilo anayopimiwa ni kilo kamili? Mizani haiwezi kujitolea ushahidi yenyewe. Hapana budi iwekewe jiwe ambalo uzito wake umekwisha kujulikana, ndipo tuone kama inasema kweli. Nchini Tanzania kazi hiyo iko chini ya Wakala wa Vipimo, na neno linalotumika ni kuhakiki. Neno hilo ndilo tutakalolitumia hapa.

Darubini nayo ni mizani, ila inachopima ni mwanga. Kabla mwanga wa nyota haujanaswa na kamera, hupita katika angahewa yenye vumbi na mvuke, kisha hupita katika vioo na lenzi. Kila hatua hupunguza mwanga kidogo. Tena haipunguzi rangi zote sawasawa: jua linapotua tunaliona jekundu kwa sababu angahewa hutawanya zaidi mwanga wa buluu. Hivyo namba inayotolewa na kamera si mwanga wa nyota wenyewe, bali ni kile kilichosalia baada ya safari.

Kwa miaka mingi wanafalaki wametumia nyota kadhaa kama mawe ya mizani. Mojawapo maarufu ni Vega. Lakini mwaka 1983 setilaiti iitwayo IRAS ilionyesha kwamba Vega ina vumbi kandokando yake, na baadaye ikathibitika kwamba nyota hiyo inazunguka kwa kasi kubwa, hata ncha zake zina joto kuliko sehemu yake ya kati. Hilo ni jiwe lenye utata, na wala hatuwezi kulileta maabara tukalipima.

Kwa nini asilimia moja ina maana?

Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka. Ushahidi wao ulitokana na supanova, yaani nyota zinazolipuka, ambazo zilionekana hafifu kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2011 Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess walipewa Tuzo ya Nobeli kwa ugunduzi huo. Kinachosukuma utanukaji huo kimepewa jina la nishati giza, na asili yake bado haijajulikana.

Ugumu ni kwamba mwanga wa supanova ya mbali hunyooshwa njiani ukaelekea upande wa wekundu. Kwa hiyo ili kulinganisha supanova ya karibu na ya mbali, ya kwanza hupimwa katika buluu na ya pili katika nyekundu. Ikiwa darubini inapunja rangi moja kuliko nyingine, hata kwa asilimia 1 au 2, umbali utakaokadiriwa utapotoka, na hesabu ya nishati giza itapotoka pamoja nao.

Taa inayojulikana

Hapa ndipo lilipozaliwa wazo la kupeleka juu taa tuliyoitengeneza wenyewe. Taa ya ndani ya jengo la darubini inaweza kuhakiki vioo na kamera, lakini haihakiki angahewa. Taa ikiwa juu ya angahewa, au karibu na mwisho wake, mwanga wake hupita njia ileile ya mwanga wa nyota. Nguvu ya taa imepimwa maabara na umbali wake unajulikana, kwa hiyo mwanga unaopaswa kufika unaweza kukokotolewa: umbali ukizidi mara mbili, mwanga hupungua hadi robo. Tuseme tulitarajia sehemu 100 na kamera ikahesabu 60. Basi sehemu 40 zimepotea njiani, na kwa rangi hiyo nyota nazo tutazisahihisha vivyo hivyo.

Mradi wa ALTAIR wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, pamoja na wenzao, ulianza na puto. Puto linalofika kilomita 20 huacha chini yake zaidi ya tisa ya kumi ya hewa yote. Faida yake kubwa ni kwamba mzigo hushuka kwa mwavuli, na taa huweza kupimwa upya maabara. Kasoro yake ni kwamba huchukuliwa na upepo, na huhudumia darubini zilizo jirani tu.

Hatua iliyofuata ilikuwa setilaiti ndogo, ORCASat, iliyojengwa kwa ushiriki mkubwa wa wanafunzi. Ujazo wake ulikuwa kama wa pakiti ya maziwa ya lita 2. Ilirushwa Novemba 2022, ikaachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwezi Desemba, na mwaka 2023 ikaanguka na kuteketea katika angahewa. Setilaiti ya namna hii huweza kuonwa na darubini za nchi nyingi, lakini huvuka anga upesi. Tena hairudi nyumbani, kwa hiyo lazima ibebe kipimo chake cha kuichunga taa.

Juni 2024 NASA ilitangaza mradi mwingine, Landolt, unaoongozwa na Chuo Kikuu cha George Mason na kupangiwa kurushwa mwaka 2029. Huo utakuwa na leza 8 na kukaa kiasi cha kilomita 35,800 juu, mahali ambapo setilaiti huenda sambamba na mzunguko wa dunia. Kwa darubini itafanana na nyota hafifu iliyotulia. Jina lake linamkumbuka Arlo Landolt, mwanafalaki aliyetumia maisha yake kuorodhesha nyota za kulinganishia.

Faida kwa walimu wa lugha

Wenye hamu ya etimolojia watafurahi kujua kwamba ALTAIR ni kifupisho, lakini pia ni jina la nyota. Altair na Vega yote yametokana na Kiarabu: la kwanza ni tai arukaye, la pili ni tai atuaye.

Tunapendekeza zoezi. Wanafunzi waeleze kwa sentensi tano, bila kukopa neno kutoka Kiingereza papo kwa papo, kwa nini darubini huhitaji taa iliyo juu ya angahewa. Watagundua kwamba maneno mengi wanayoyahitaji wanayo tayari: mizani, jiwe, kupunja, kuhakiki. Atakayekwama, mara nyingi kilichomkwamisha si msamiati. Ni kwamba bado hajalielewa jambo lenyewe, na hilo halitibiwi kwa kubadili lugha.